Kupumzika ukiwa masomoni Den Haag: jibu kwa mleta uzi

Mleta uzi ameuliza hivi: amepata nafasi ya kusoma uzamili wa masomo ya wanawake na jinsia Den Haag, Uholanzi, anaacha watoto nyumbani, je, kule kuna siku ya kupumzika au ni vitabu mwanzo mwisho? Nimesoma mji huo huo nikiwa na wawili nimewaacha Mbagala, ngoja nijibu.

Mdogo wangu, makala za kusoma haziishi. Ukisubiri zipungue ndipo upumzike, utarudi na shahada na vidonda vya tumbo. Tenga Jumapili, funga kompyuta.

Ila mhadhiri hatakusumbua Jumapili. Simu ndiyo itakusumbua. Wiki nzima darasani mnachambua kazi za matunzo zisizo na malipo: nani anapika, nani anaogesha, nani anakumbuka tarehe ya kliniki. Jumapili asubuhi WhatsApp inaita: gesi imeisha, sare ya mdogo haionekani, dada wa kazi anataka kwenda kwao. Umelala Den Haag unaendesha nyumba ya Mbagala! Mimi nilikubaliana na dada yangu aliyebaki na wanangu: mambo ya nyumba yote tunayamaliza Jumamosi jioni, Jumapili napiga mara moja tu, kwa ajili ya stori na watoto. Wao wako mbele saa mbili majira ya baridi, saa moja kiangazi, kwa hiyo usichelewe watalala. Baba watoto alinuna, lakini gesi akaanza kununua mwenyewe.

Kuna aliyekushauri hapo juu kila wikiendi upande treni, leo Brussels, kesho Paris. Huo ni utalii, na Jumatatu unaingia darasani hoi. Siku yangu ilikuwa ya kivivu: kulala mpaka jua litoke (likitoka), chai ya tangawizi, muhogo wa kuchemsha. Muhogo, bamia na ndizi za kupika utavipata Haagse Markt, soko kubwa la wazi, ila nenda Jumamosi maana Jumapili limefungwa.

Mchana tramu namba 9 mpaka ufukweni Scheveningen. Usitegemee Coco Beach. Maji ya kijivu, na upepo unakujaza mchanga mpaka kwenye meno. Tunakaa na wenzangu kuupa upepo mgongo, mmoja Mwindonesia, mwingine Mkolombia, tunagombania kibbeling, vipande vya samaki vya kukaanga na sosi ya kitunguu saumu. Sheria moja: atakayetaja insha ananunua chai ya wote. Siku ambayo huna nguvu ya kufika baharini, nenda Koekamp, hatua chache tu kutoka stesheni kuu, ukaangalie kulungu wakila majani.

Mji wenyewe una historia yetu wanawake. Mwaka 1915, Vita Kuu ya Kwanza ikiwaka, wanawake zaidi ya 1,000 walikutana hapo kudai amani na haki ya kura, mmoja wa waandaaji akiwa daktari Aletta Jacobs. Na hao Waholanzi tunaowaona wametangulia, mpaka 1956 mke wa mtu alikuwa hawezi kisheria kuingia mkataba bila idhini ya mumewe. Mimi hayo niliyawaza nikiwa nimekaa kwenye tramu, bila kalamu.

Koti usibebe la Kariakoo. Nunua la mtumba huko huko, lisilopitisha upepo, lenye kofia.