Noti zote nazipata, lakini "napiga kama mashine"

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Napiga kinanda kwaya ya vijana, Igoma. Nimejifunza Prelude namba 4, kipande kifupi cha piano cha mtunzi Chopin, ile ya E maina. Noti zote nazipata, ila wenzangu wanasema napiga kama mashine. Nikijaribu kutia hisia, nakimbia, mwendo unaharakika. Shida ni kinanda chetu cha umeme, au mimi ndiye sina hisia?
Mpiga kinanda, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hisia unazo. Unazitafuta mkono wa kulia, na Chopin kaziweka kushoto.

Angalia kulia pale mwanzoni: B na C, B na C, basi. Kwa sisi wa solfa ni m na f. Kwaya yako ingeulalamikia wimbo huo siku ya kwanza ya mazoezi. Mambo yako chini, mkono wa kushoto, kwenye kodi, yaani noti tatu zinazopigwa pamoja na kurudiwa rudiwa. Kila baada ya muda kidole kinashuka, mara nyingi nusu toni tu, huku vingine vimebaki palepale. C ya juu haijabadilika, lakini kila ikirudi inauma kwa namna nyingine, kwa kuwa sakafu yake imehama.

Kinanda usikilaumu. Chopin alipoagwa katika kanisa la Madeleine, Paris, Oktoba 1849, prelude hiyohiyo ilipigwa kwa ogani, chombo ambacho ukibonyeza kwa nguvu au taratibu sauti ni ileile. Huzuni imo ndani ya kodi zenyewe.

Kwa hiyo wiki hii acha mkono wa kulia. Piga kushoto peke yake, polepole, na uimbe kwa mdomo ile noti inayohama. Mtu wa kwaya hilo haliwezi kumshinda! Anayejua kidole gani kinafuata kushuka hakimbii. Wanaokimbia ni wale wanaoziona kodi zile kama kazi ya kumaliza. Pa kuharakisha Chopin mwenyewe kapaandika, stretto, katika nusu ya pili, sauti inapopanda. Ukizimwaga nguvu mapema, hapo hutakuwa na cha kuongeza.

Karibu na mwisho kuna kimya chenye alama ya kushikilia, kisha kodi tatu. Wengi wanakiruka, nami huwa naumia kusikia. Ondoa mikono, vuta pumzi kama unayeanza ubeti mpya, ndipo umalizie.

Na zima ile sauti ya nyuzi mnayoichanganya na piano Jumapili. Inafunika kushuka kote huko.