Umekulia mbali na Torati? Anzia na sehemu ya wiki

Kama wewe ni Myahudi uliyekulia nyumba isiyofungua Torati, Kabala, elimu ya mafumbo ya Kiyahudi, iache kwanza, na Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi, isubiri. Anza na parasha, yaani sehemu ya Torati inayosomwa sinagogini wiki hiyo. Zipo 54, na kila moja ina vipande saba. Soma kimoja kila siku kuanzia Jumapili. Ikifika Shabati, yaani Jumamosi, umemaliza. Unayeishi nje ya Israeli fuata kalenda ya nje. Siku ya nane ya Pasaka ya Kiyahudi, inayoadhimishwa nje ya Israeli tu, ikiangukia Jumamosi, ratiba hizo mbili hupishana kwa wiki kadhaa, na mwenye programu ya simu iliyowekwa Israeli hujikuta anasoma kisichosomwa sinagogini kwao.

Kiebrania kianze siku hizo hizo. Herufi ni 22, na tano kati yake hubadilika umbo zikiwa mwisho wa neno. Usitegemee Kiebrania kilichoandikwa kwa herufi za Kilatini: jicho litakimbilia linachokijua na hutasonga. Zitenganishe mapema zinazofanana, bet na kaf, he na het, hasa dalet na resh. Dalet ina kona kali yenye kijincha kinachotokeza nyuma, resh imepinda tu. Katika gombo la Torati, Kumbukumbu la Torati 6:4, dalet ya neno la mwisho huandikwa kubwa kuliko wenzake, maana ikisomwa resh, Mungu “mmoja” anageuka “mwingine”.

Kisha soma maelezo ya Rashi, mfafanuzi wa Torati wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki mwaka 1105. Tafuta chapa yenye irabu na herufi za kawaida, kwani nyingi hutumia mwandiko wa pekee unaomchosha mgeni. Rashi haelezi kila aya. Huandika pale penye tatizo. Basi funika maelezo yake, soma aya, utafute kilichomkwaza. Kwenye Mwanzo 1:1 anauliza kwa nini Torati haikuanzia Kutoka 12:2, penye amri ya kwanza waliyopewa Waisraeli. Ukilirukia jibu kabla ya kulisikia swali, utabaki na hadithi tu.

Tafuta mwenza, havruta, wa kiwango kinachokaribiana na chako. Akikuzidi mno, mtaishia kwenye mhadhara. Mmoja asome kwa sauti, mwingine aeleze, mbadilishane kila aya. Msiondoke kwenye aya mpaka mkubaliane inasema nini, hata kama mnabishana kuhusu maana yake.

Aibu ya kutojua hufukuza watu wengi kuliko ugumu wa somo, na haina msingi. Franz Rosenzweig, mwanafalsafa Myahudi wa Ujerumani aliyekaribia kubatizwa mwaka 1913, ndiye aliyeongoza Lehrhaus ya Frankfurt tangu 1920, shule ya Wayahudi watu wazima, wasomi wa mambo mengine, waliorudi kwenye Torati wakitokea mbali.

Wengi hukatia njiani kwenye Walawi, karibu na Machi na Aprili, sadaka zinapofuatana. Hapo punguza: soma kipande cha kwanza tu cha kila wiki, lakini wiki usiiruke. Mwaka wa pili ongeza Pirke Avot, mafundisho ya maadili kutoka Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi: sura sita (ya sita iliongezwa baadaye), moja kila Shabati kati ya Pasaka na Shavuoti, sikukuu inayofuata wiki saba baadaye.