Mafumbo ya Michoro Kwenye Usaili: Soma Sifa Moja Moja

Nilikutana na mafumbo ya michoro kwa mara ya kwanza mwaka 2019, katika chumba cha kompyuta cha kampuni moja niliyokuwa nimeomba kazi. Nilikuwa nimehitimu chuo hapa Dodoma, nimezoea mitihani inayouliza mambo niliyosoma, na usaili wa mchujo wa serikali nilikuwa nimeshaufanya mara mbili, kwa hiyo presha ya chumba cha mtihani haikuwa ngeni kwangu. Lakini siku hiyo kwenye kompyuta hapakuwa na swali lililoandikwa kwa maneno. Palikuwa na jedwali la visanduku tisa, vinane vikiwa na maumbo na cha tisa kikiwa na alama ya kuuliza, na chini yake majibu manane ya kuchagua. Maswali yalikuwa 24 na muda ulikuwa dakika 25. Nilipofika swali la tisa nilikaa hapo dakika sita nzima nikiutazama mchoro wote kwa pamoja, nikisubiri jibu linijie. Halikuja, na muda uliisha nikiwa nimejibu maswali kumi tu.

Kilichonifumbua macho nilikipata sokoni Majengo, ambako mama yangu anauza kanga. Nilimkuta siku moja amekaa na rundo la kanga zilizochanganyika baada ya mvua kuingia kibandani, akitafutia kila kipande mwenzake ili doti itimie. Vipande viwili vilikuwa vyekundu, vyote vina korosho katikati, na mimi ningeviweka pamoja bila kusita. Yeye alishika pindo la kwanza na pindo la pili akayalinganisha, akahamia kwenye mji, kisha akasoma jina. Pindo lilikuwa lile lile na mji ule ule, lakini maneno yalikuwa tofauti, naye akavitenga. Akaniambia, “Mwanangu, ukiitazama kanga yote kwa mkupuo utaona rangi tu.”

Nilirudi nyumbani nikafungua tena maswali ya mazoezi, nikaanza kuyasoma kama mama alivyosoma zile kanga. Baadaye niligundua kwamba watafiti walikwisha kulieleza jambo hilo. Kipimo kinachojulikana zaidi cha aina hii kilitungwa na mwanasaikolojia Mwingereza John C. Raven na kuchapishwa mwaka 1938, kikiwa na maswali 60 yaliyogawanywa katika makundi matano ya maswali 12, kila kundi likianza na rahisi na kuishia na magumu. Mwaka 1990 watafiti watatu wa Marekani, Carpenter, Just na Shell, walichambua toleo gumu la kipimo hicho wakakuta kwamba maswali yake mengi yamejengwa kwa kanuni chache zinazojirudia. Walikuta pia kwamba jambo mojawapo kubwa lililowatofautisha waliofanya vizuri ni uwezo wa kushughulikia kanuni moja bila kusahau nyingine zinazosubiri zamu yake. Kwa mtu anayejiandaa hiyo ni habari njema, kwa sababu kinachoelemea kichwa kinaweza kushushwa kwenye karatasi.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaousisitiza kuliko yote, ni kwamba kabla hujatafuta jibu uorodheshe sifa zinazobadilika. Mara nyingi hazizidi sita: aina ya umbo, idadi, ukubwa, rangi au kivuli, mwelekeo, na mahali umbo lilipokaa ndani ya kisanduku. Chukua moja, ifuate kwenye safu ya kwanza tangu kushoto hadi kulia, ihakikishe kwenye safu ya pili, kisha itamke kanuni yake kwa maneno kamili. Kanuni usiyoweza kuitamka bado hujaipata, hata kama macho yanakuambia umeshaiona.

Tuchukue swali moja tulifanye pamoja. Safu ya kwanza ina duara lenye mstari wa wima, mraba wenye mstari wa mlalo, na pembetatu yenye mstari wa mshazari. Safu ya pili ina mraba wenye mshazari, pembetatu yenye wima, na duara lenye mlalo. Safu ya tatu inaanza na pembetatu yenye mlalo, inafuata duara lenye mshazari, kisha alama ya kuuliza. Mtu akitazama vyote kwa pamoja ataona vurugu, kwa sababu hakuna kisanduku kinachofanana na kingine. Sasa sahau mistari, fuata maumbo peke yake. Kila safu ina duara moja, mraba mmoja na pembetatu moja, na safu ya tatu inakosa mraba. Andika “mraba” kwenye karatasi, uache kuufikiria. Rudi kwenye mistari: kila safu ina wima, mlalo na mshazari, na safu ya tatu inakosa wima. Jibu ni mraba wenye mstari wa wima. Kisha hakiki kwa kushuka kutoka juu hadi chini kwenye safu wima ya mwisho, ambayo ina pembetatu yenye mshazari na duara lenye mlalo, na hapo pia kinachokosekana ni mraba na wima. Kanuni ikikubali pande zote mbili, endelea mbele bila wasiwasi.

Swali lililonishinda mwaka ule lilikuwa la aina nyingine, nami nalikumbuka vizuri. Kisanduku cha kwanza kilikuwa na mistari kadhaa, cha pili mistari kadhaa, na cha tatu kilikuwa na baadhi yake tu. Nilidhani ni kujumlisha, yaani cha kwanza kikilazwa juu ya cha pili unapata cha tatu, na hesabu ilikataa. Nikajaribu kutoa, ikakataa pia. Kanuni ilikuwa kwamba mstari uliopo kwenye kimoja tu kati ya visanduku viwili unabaki, na mstari uliopo kwenye vyote viwili unafutika. Ukiona kisanduku cha tatu kina vitu vichache kuliko ulivyotarajia, uliza mara moja swali hili: vilivyotoweka, je, ni vile vilivyokuwa pande zote mbili? Ipo pia kanuni iliyo kinyume chake, ambapo kinachobaki ni kile kilichokuwa pande zote mbili peke yake.

Mwelekeo nao una mitego yake. Umbo linapozungushwa na umbo linapogeuzwa kama kwenye kioo si kitu kimoja, ingawa kwa haraka yanafanana. Andika herufi F kwenye karatasi uizungushe karatasi utakavyo: ukiirudisha utaisoma tena F. Lakini F ya kwenye kioo, zungusha karatasi hadi uchoke, haitasomeka sawasawa. Nilipokuwa najifunza nilikata kipande cha boksi chenye umbo la F nikakiweka mezani wiki nzima, na naamini kilinisaidia kuliko maelezo yoyote niliyosoma. Kumbuka vilevile kwamba mraba uliozungushwa nyuzi 90 unaonekana kama haujaguswa, kwa hiyo ukiona mraba wenye nukta kwenye kona moja, fuata nukta. Na mshale unaozunguka nyuzi 270 kufuata mwendo wa saa huishia pale pale unapoishia ule uliozunguka nyuzi 90 kinyume chake, hivyo chagua maelezo mafupi.

Majibu usiyatazame mapema. Watunzi wa maswali haya mara nyingi hutengeneza majibu ya uongo kwa kuchukua jibu la kweli na kuharibu sifa moja tu, ndiyo maana ukianza na majibu kila moja linaonekana linafaa. Utaratibu huo huo unakusaidia ukiutumia baada ya kupata kanuni. Ukiwa na uhakika wa umbo pekee, ondoa majibu yote yenye umbo lisilo sahihi, na pengine utabaki na mawili au matatu.

Kuhusu muda nitasema machache. Gawa dakika zako kwa idadi ya maswali kabla hujaanza, na swali likipitisha mara mbili ya kiwango hicho, liache. Ila soma maelekezo kwanza, kwa kuwa baadhi ya mifumo hairuhusu kurudi nyuma na baadhi hukata alama kwa jibu lisilo sahihi. Uliza pia kama karatasi ya kuandikia inaruhusiwa.

Kuna jambo moja linaniuma ninapokaa na wahitimu wanaokuja kwangu Jumamosi, hapa Nkuhungu. Wengi wamekulia vijijini Kongwa, Mpwapwa au Bahi, hawajawahi kuona fumbo la namna hii hadi siku ya usaili, na wakishindwa wanajihukumu kwamba hawana akili. Hukumu hiyo si ya haki. Mwaka 1987 mtafiti James Flynn alichapisha uchambuzi wa takwimu za nchi 14 ulioonyesha kwamba alama za vipimo vya akili zilikuwa zimepanda sana ndani ya kizazi kimoja, na kupanda huko kulikuwa kukubwa hasa kwenye vipimo vya aina ya Raven. Ubongo wa binadamu haubadiliki kiasi hicho ndani ya miaka 30. Mazingira na mazoea yana sehemu yake, na mazoea mtu anaweza kuyajenga.

Binti wa dada yangu alianza na mimi mwezi uliopita. Siku ya kwanza alipata maswali manne kati ya 12, na kila mara nilipomuuliza kwa nini amechagua jibu fulani alisema, “Mjomba, nimeona tu linakaa vizuri.” Nikamkataza kutazama majibu. Nilifunika sehemu ya chini ya karatasi kwa daftari, nikamwambia anichoree kisanduku cha tisa kwa mkono wake mwenyewe. Wiki mbili za kwanza alichukia zoezi hilo, kwa sababu lilimchelewesha. Jumamosi iliyopita alichora duara lenye nukta tatu nyeusi, akaandika pembeni kanuni mbili kwa Kiswahili, kisha akaondoa daftari mwenyewe. Duara lenye nukta tatu lilikuwa jibu la tano. Hakuniuliza kama amepata, akafungua ukurasa uliofuata.