Shaba bila ushindi hata mmoja: soma matokeo ya ngumi na mateke kabla ya kushangilia

Suali la kwanza la kumuuliza bondia aliyerudi na medali ni hili: kwenye kilo yako, yaani kundi lako la uzito, mlikuwa wangapi?

Mashindano ya ridhaa yanayofuata kanuni za WAKO, shirikisho la dunia la kickboxing, huu mchezo wa ngumi na mateke, huwapa shaba wote wawili waliopoteza nusu fainali. Pambano la kutafuta mshindi wa tatu halipo. Basi kilo ikiwa na watu wanne, hata anayepigwa pambano lake la kwanza anarudi na shaba. Ikiwa na watatu, mmoja huvushwa na droo hadi fainali, na akipigwa huko anachukua fedha na hajamshinda mtu. Hutokea zaidi kwenye kilo za juu, 86 na 91, ambako watu ni wachache. Medali hiyo haimpi aibu mtu. Kaingia ulingoni, wenziwe wamekaa jukwaani. Lakini mwalimu anayepanga mazoezi ya miezi sita kwa kutazama rangi ya medali anajidanganya mwenyewe.

Kwa hiyo usiombe jina la mshindi tu. Omba karatasi ya droo, halafu uandike kila pambano la kijana wako: alipambana na nani, kashinda au kapoteza kwa njia gani, raundi ya ngapi. Ushindi wa mezani kwa sababu mpinzani hakutokea uandike mbali na ushindi wa ulingoni.

Tukija kwenye pointi, hapo ndipo kelele nyingi zinapoanzia. Matokeo ya 3-0 maana yake majaji wote watatu wamemuona mtu mmoja ndiye mshindi. Hayasemi kampita mwenziwe kwa kiasi gani. Jaji aliyempa kwa tofauti ya pointi moja anahesabika sawa na aliyempa kwa kumi. Bondia anaweza kupoteza 3-0 katika pambano la kukabana kweli kweli, na mwengine akashinda 2-1 huku kazi yake ikiwa mbovu. Na jukwaa halihesabu wanachohesabu majaji. Teke la juu lililogota kwenye mikono ya mpinzani linapigiwa makofi na halina pointi. Ngumi fupi ya mbavuni iliyoingia safi hakuna anayeisikia, ila jaji aliyekaa upande ule.

Halafu angalia ni mtindo gani. Ulingoni kuna mitatu inayotofautiana sana: ule wa kupiga juu ya kiuno tu, ule unaoruhusu teke la paja, na K-1, ambamo goti nalo linaruhusiwa. Matokeo ya mmoja hayakupi habari ya mwengine. Katika mtindo wa juu ya kiuno, kanuni inadai angalau mateke sita kila raundi. Anayetoka kwenye ngumi hulisahau hili. Anashinda kwa mikono raundi nzima, kisha anaonywa na kukatwa pointi. Dawa yake ni mtu wa kona kuhesabu mateke kwa sauti: akifika dakika moja na nusu na mateke manne, mpigie kelele apige mawili. Raundi ni za dakika mbili, hakuna muda wa kusubiri.

Kwa vijana wetu wa Unguja na Pemba tatizo aghlabu ni kinyume chake. Ngumi zilipigwa marufuku Zanzibar tangu 1964 na zikaruhusiwa tena katika awamu hii ya Dk. Hussein Mwinyi, kwa hiyo wengi wamekulia kwenye karate. Miguu wanayo. Mikono imechelewa, na mwili umezoea kugusa mara moja na kurudi nyuma, kumbe hapa mwamuzi hasimamishi pambano kwa pigo moja. Ukiona kijana kapoteza mapambano mawili kwa pointi, yote raundi ya tatu, usimuongezee mateke. Mfanyishe mafungu ya mapigo matatu au manne yanayomalizikia kwa teke, raundi tatu za dakika mbili, mapumziko dakika moja, hadi amalize ya tatu kwa kasi aliyoanza nayo.

Sababu nyengine ya kupoteza haiandikwi kwenye karatasi: boti. Anayetoka bandari ya Mkoani, Pemba, siku ya kusi kali hutapika njiani, anapimwa uzito Unguja akiwa chini ya kilo yake, wenziwe wanamsifu, kesho yake miguu haina nguvu. Avuke siku mbili kabla, ale kidogo saa mbili kabla ya boti kuondoka, akae katikati na chini, ambako boti haitikisiki sana. Jioni ya kuamkia kupima, bondia wa kilo 63.5 asizidi 64. Usingizi wa usiku mmoja kwa kawaida humpunguza karibu nusu kilo. Zaidi ya hapo ni kukimbia ndani ya koti la mvua, na huo ni ujinga wa hatari katika joto letu. Akishuka kwenye mizani anywe taratibu, maji yenye chumvi kidogo na sukari au madafu, kisha wali na samaki. Urojo na pilipili vingoje hadi fainali ipite.

Mizani ya nyumbani iweke juu ya sakafu ngumu, kamwe juu ya zulia, na uilinganishe na ya mashindano ukifika.

Kwenye matokeo, herufi za kutazama kwa macho mawili ni KO, yaani kuangushwa kwa pigo na kushindwa kuendelea. Kijana aliyelala kwa pigo la kichwa asifanye mapambano ya mazoezi kwa wiki nne, hata akisema mzima. Asirudi peke yake kwa boti. Akitapika, mtu asije akadhani ni bahari. Kichwa kikizidi kuuma, akisinzia ovyo au akirudia suali lile lile, ni hospitali kabla ya bandari.

Karatasi ya droo hubandikwa ukutani na hubanduliwa usiku ule ule wa fainali. Ipige picha kila jioni, na pointi za majaji uziombe mezani kwa adabu pambano likiisha, kabla meza haijakunjwa.