Shangazi, eti mama wa watoto wawili akikimbia ni aibu?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mie nipo Tanga, Ngamiani, nna watoto wawili, mkubwa miaka sita mdogo miaka miwili na nusu. Shuleni nilikua nakimbia mita 100 na 200 nawaacha hadi wavulana, sa hivi nimeanza tena alfajiri kabla jua halijawaka, natoka nyumbani mpaka Raskazone narudi. Bas wifi yangu kanikuta na trakisuti akasema mbele za watu mwanamke ukishazaa mbio zako za jikoni, na eti hakuna mama aliewahi kushinda kitu mbio fupi. Mume wangu kacheka tu. Kweli hayupo? Na kama yupo, watoto alikua anamwachia nani?
Mama wa Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Kamwambie wifi yako yupo, tena alizoa dhahabu nne kwenye Olimpiki moja. Fanny Blankers-Koen, Mholanzi, kazaliwa 1918. London 1948 alikua na miaka 30 na watoto wawili, wa kiume na wa kike, huyo wa kike umri wake kama wa mwanao mdogo. Na maneno aliyapata hayohayo, watu wanamwandikia barua abaki nyumbani alee, mkubwa mmoja wa riadha Uingereza nae akasema huyu keshazeeka. Hilo la uzee ndo lilimpandisha hasira akaenda nalo uwanjani.

Watoto je? Mazoezini alienda nao, kawapakia kwenye kapu la baiskeli! Sie wa Tanga baiskeli tunaijua, inabeba gunia la mkaa na mtu juu yake, sembuse watoto wawili. Na kocha ni mumewe, Jan Blankers, kwa hiyo huyo wako anaecheka tu mkabidhi saa ashike muda.

Mita 100 alishinda kwa sekunde 11.9. Ila utamu upo kwenye mbio za kuruka viunzi mita 80, kabanana na binti wa Kiingereza, Maureen Gardner, mpaka mwisho hakuna anaejua nani katangulia, wanasubiri picha iliyopigwa kwenye mstari wa mwisho, mara bendi ikapiga wimbo wa taifa wa Uingereza, Fanny akajua bas nimekosa. Kumbe ni familia ya kifalme inaingia uwanjani jamani! Picha ikaja, dhahabu yake.

Kabla ya nusu fainali ya mita 200 akalia, kachoka, anataka kurudi kwa wanawe. Mume akambembeleza, akaingia, na fainali akashinda kwa tofauti ya sekunde 0.7, na we uliekimbia 200 unajua hapo wenzio wanaona mgongo wako tu. Siku ya kupokezana vijiti ndo alienda dukani kununua koti la mvua, nusura achelewe, wenzie roho juu. Kijiti cha mwisho kakipokea Uholanzi ipo nyuma, akawapita wote.

Na hapo rekodi ya dunia ya kuruka juu na ya kuruka mbali zote zilikua zake, hakushiriki kwa sababu sheria ilimpa mwanamke michezo mitatu tu ya peke yake. Mie hii inaniuma kuliko maneno ya wifi. Bado sijataja Olimpiki mbili, 1940 na 1944, zilizofutwa kwa vita akiwa kwenye ujana wake.

Sikupambi mwanangu, haikua raha siku zote, Olimpiki ya Helsinki 1952 alienda na majipu mwilini, fainali ya viunzi akagonga kiunzi akaacha mbio.

Ila aliporudi kutoka London, Amsterdam walimtembeza mjini kwa gari la farasi, na zawadi mojawapo aliyopewa ilikua baiskeli, eti apunguze kukimbia. Ya kwako ina kapu? Huyo mdogo mpakie, mkubwa akae na baba ahesabu sekunde, na kesho mkipita mlangoni kwa wifi piga kengele.