"Sikohoi, nina kifua tu"

Mwanangu,

Salaam nyingi. Huku hatujambo, mama yako anakusalimu na anauliza kama maji ya huko yamekukubali.

Ujumbe wako nimeusoma. Unasema wagonjwa wa zahanati yako ukiwauliza "unakohoa?" wanakujibu "sikohoi, nina kifua tu", na hapohapo wanakohoa mbele yako. Unataka kujua kama wanakudanganya.

Hawakudanganyi. Aliyekuambia ana kifua ameshakiri kikohozi, ila amepitia mlango wa uani. "Unakohoa?" ikitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe, mgonjwa anasikia TB. Na TB sisi tuliokua zamani tunaijua kwa fedheha kuliko kwa dalili. Mtu alikuwa akikohoa muda mrefu anatengewa kikombe chake na sahani yake, na ikisemwa kapelekwa Kibong'oto, ile hospitali ya kifua kikuu kule Siha, Kilimanjaro, watu wanapunguza sauti. Kusema "nina kifua" kunamwachia mtu heshima yake, kwa sababu kifua kinaweza kuwa mafua yaliyoshuka, pumu, au vumbi la mkonge tu. Isitoshe, kifua ni sifa pia: mwenye kifua ukimpa siri haitoki. Kwa hiyo usilikatae neno lake. Lishike hilohilo umuulize: "Kifua chenyewe kinakusumbuaje? Kinabana? Kinatoa kitu? Usiku unalala?" Na kama kaja na mkewe, muulize mkewe. Mwanamume hakohoi, lakini mkewe hajalala tangu mwezi uandame. Hapo ndipo utakapozipata zile wiki 2 za kukohoa mnazozitafuta nyinyi matabibu kabla ya kushuku TB.

Jambo jingine ulilolalamikia ni vikopo. Unawaomba makohozi, wanakuletea mate. Mimi nakutetea wewe, lakini nawaelewa na wao. Makohozi ni neno la aibu, halitajwi mbele ya watu, sembuse mbele ya binti wa umri wa mjukuu wao. Mzee anageukia ukutani, anatema harakaharaka, anafunika kikopo, mambo yameisha. Ukikifunua unakuta maji meupe yenye povu. Mwambie wazi, bila kucheka: asubuhi akiamka, kabla hajala, asukutue mdomo kwa maji, atoke nje penye hewa, avute pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha akohoe kutoka chini kabisa, mpaka kitoke kile kizito. Wazee wengine wa pwani ukiwaambia "belghamu" watakuelewa upesi zaidi, na wataona una adabu.

Halafu jihadhari na kikohozi ambacho si ugonjwa. Mzee wa huko haingii mahali palipo na wanawake bila kubanja, yaani kukohoa kidogo kwa makusudi, ili walio ndani wajistiri. Hiyo ni hodi. Ukisikia mtu anabanja nje ya mlango wako, mwitikie "karibu", usije ukamwandikia dawa! Vilevile kwenye vikao, mtu akibanja wakati mwenzake anazungumza, anamwambia achunge ulimi. Na ukisikia "bwana mkubwa alipoingia hakuna aliyekohoa", hawazungumzii mapafu, wanasema watu walinywea. Ule msemo wa mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika, umeusikia tangu utotoni. Wagonjwa wako wanaukanusha kila siku, maana kikohozi wanakificha vizuri sana.

Kifaduro nadhani hakikupi tabu. Bibi yeyote anamjua mtoto wa kifaduro, anakohoa mfululizo mpaka macho yanamtoka, kisha anavuta pumzi kwa mlio. Akikutajia neno hilo, mwamini kwanza, ndipo uangalie kadi kama mtoto alichanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14.

Umeniuliza pia juu ya yule mama wa maumivu ya mgongo, aliyegoma kupokea dawa za TB kwa kuwa hakohoi kabisa. Hapo kosa ni la jina. Umemwambia ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Yeye anajiuliza kifua kimefikaje mgongoni. Hata mimi ningegoma. Rudi kwake na ndugu yake mmoja anayemsikiliza, umweleze kwamba vijidudu ni vilevile, vimehamia kwenye mfupa, na kwa kuwa haviko mapafuni hawezi kumwambukiza mjukuu anayelala naye. Anza na hilo la mjukuu. Nakisia ndilo linalomkosesha usingizi kuliko mgongo wenyewe.

Nijulishe amejibu nini.

Baba yako