Mashoto, mpiga shoto na mpigaji wa kushoto

SWALI: Mimi na rafiki yangu ni mashabiki wa besiboli na ubishi wetu wote tunaufanya kwa Kiswahili. Yeye anashikilia kwamba hajatokea mtu mwenye mzunguko mzuri kama wa Ken Griffey Jr., na kwamba wapigaji wa kushoto wanapendeza kuliko wa kulia. Mimi nasimama na Hank Aaron na Willie Mays, wa kulia wote wawili. Juzi nilimwandikia kuwa Shohei Ohtani ni "mashoto kama Babe Ruth". Akanicheka, akasema Ohtani si mashoto. Nikamwambia, si umwangalie anavyopiga? Nani kati yetu amekosea Kiswahili? Na "mpigaji wa kushoto" ni usemi sahihi?

JIBU: La Griffey na Aaron nawaachia wenyewe. Ubishi wa mashabiki hauamuliwi na kamusi, na homurani 755 za Aaron (mapigo ya kuutoa mpira nje ya uwanja) zitaendelea kupigana vikumbo na 630 za Griffey hata sisi tukishanyamaza. La Ohtani ndilo langu. Hapo mwenzako amekushinda, ingawa naye ana kosa lake, nitalifikia.

Neno mashoto linamtaja mtu, halitaji tendo. Ni yule ambaye mkono wake mwepesi, ule unaotangulia kazini, ni wa kushoto. Akirusha jiwe atatumia huo, akigongea msumari nyundo itakuwa huko. Husemwa pia kwamba mtu huyo ana shoto. Shoto hiyo anatembea nayo, haivuliwi pamoja na jezi. Babe Ruth anaingia humo bila mjadala: kabla hajawa mpigaji wa kutisha alikuwa mrushaji wa timu ya Boston Red Sox, yaani wa kumrushia mpigaji mpira, na mkono wake wa kurushia ulikuwa wa kushoto. Ohtani hurusha kwa mkono wa kulia. Mtu anayerusha mpira vile kwa mkono wa kulia huwezi kumwita mashoto eti kwa sababu ya upande anaosimama akishika gongo.

Wala si yeye peke yake. Ty Cobb alirusha kwa kulia akapiga kutoka upande ule mwingine. Ted Williams, aliyemaliza msimu wa 1941 na wastani wa kupiga wa 0.406 (mapigo mazuri manne hivi katika kila kumi), vivyo hivyo. Ichiro Suzuki vivyo hivyo. Kinyume chao ni Rickey Henderson, mwizi wa besi asiye na mfano, yaani wa kukimbilia kituo kinachofuata bila kungoja mpira upigwe, aliyeiba 1,406: alirusha kwa mkono wa kushoto lakini akasimama kupiga kama watu wa kulia. Watu wa namna ya Henderson ni wachache sana katika mchezo huu. Kwa Kiswahili, basi, Henderson ndiye mashoto na Ohtani siye, na anayewatazama wakiwa na gongo tu ataapa kwamba ni kinyume chake.

Kosa lako halikuanzia kwako. Mchezo wenyewe unatumia neno moja kwa mambo mawili tofauti. Mrushaji hutumia mkono mmoja, kwa hiyo kumwita "mrushaji wa mkono wa kushoto" ni kusema kweli tupu. Mpigaji hushika gongo kwa mikono miwili. Hakuna anayepiga "kwa mkono wa kushoto" katika besiboli, wala kwa mkono wa kulia, labda aliyevunjika mmoja. Anayeitwa wa kushoto ni yule anayemwelekezea mrushaji bega la kulia, mkono wa kushoto ukiwa juu na wa kulia ukiwa chini, karibu na kitako cha gongo. Mkono wa kulia ndio uko mbele. Kwa hiyo ukiniambia Ohtani "anapiga kwa mkono wa kushoto", nami nikajibu kwamba mkono wake wa mbele ni wa kulia, sote wawili tutakuwa tumesema jambo na hakuna aliyeeleza kitu.

Ndiyo sababu mtu wa kulia anaweza kujifunza kusimama huko bila kubadilika kuwa mashoto. Faida zipo. Upande ule uko karibu zaidi na besi ya kwanza, na gongo likishamaliza safari yake mwili wa mpigaji unakuwa tayari umeelekea huko. Tena warushaji wengi ni wa mkono wa kulia, na mpira unaotoka mkono huo unaonekana vizuri zaidi kwa aliyesimama upande wa pili.

Sasa "mpigaji wa kushoto". Si kosa la sarufi. Ni usemi mzembe. Tatizo lake ni hiyo *ku-*.

Kushoto ni *ku-* ya mahali pamoja na shoto. Ni ile ile unayoikuta katika kuzimu. Inaonyesha huko, upande huo. Ndiyo maana Mswahili akisikia "amepiga kushoto", sikio lake linakwenda kwenye mpira kabla ya kumfikia mpigaji: mpira umekwenda kushoto. Na hapa besiboli inakugeuka vibaya, kwa sababu mpigaji wa upande ule akiuwahi mpira na kuuvuta kwa nguvu, unakwenda kulia. Homurani nyingi za Ruth ziliangukia upande wa kulia wa uwanja. Ukiandika "Ruth alipiga kushoto" umeandika jambo ambalo nusu ya wasomaji wako wataliona uongo, na watakuwa na haki.

Ongeza na picha ya televisheni. Kamera kwa kawaida iko nyuma ya mrushaji, kwa hiyo Ohtani anaonekana kushoto mwa kioo. Mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya bamba, pale mpigaji anaposimama, anamwona huyo huyo kuliani kwake. "Mpigaji wa kushoto", kushoto kwa nani?

Ukiivua *ku-* matatizo mengi yanaondoka nayo. Inabaki shoto, ambayo si mahali, ni namna. Mimi husema mpiga shoto, na kitendo chake, kupiga shoto. Kiunzi hicho si kigeni: tunaye mpiga mbizi na mpiga chenga, na hakuna anayeuliza mbizi ilipigwa ikaumia wapi. Kitenzi *piga* kimezoea kumeza majina ya namna hiyo. Mpiga shoto anaweza kuwa mashoto, kama Ruth na Griffey, au asiwe, kama Ohtani. Neno linataja alichofanya pale kwenye bamba na kuishia hapo.

Utaniuliza, na upande wa pili? Mbona hakuna "mpiga lia"? Jibu liko ndani ya neno lenyewe, na ndilo linalonipendeza zaidi katika swali lako lote. *Ku-* ya kulia si ile ya kushoto. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula, kama vile chumba cha kulia ni chumba cha kulia chakula. Ni kitenzi *kula* katika hali ya kutendea, na *ku-* yake ni ya kitenzi, si ya mahali. Maneno haya mawili tunayatumia kama mapacha, kumbe mmoja ni wa ukoo wa mahali na mwingine ametoka mezani. Ukivua *ku-* ya kushoto unapata jina zuri. Ukivua ya kulia unabaki na *lia*, na hapo mtu anatafuta leso.

Zamani palikuwa na jozi nyingine: mkono wa kuume kwa wa kulia, na mkono wa kike kwa wa kushoto. Kuume bado iko katika lugha ya ibada na ni neno safi, lakini ukiandika "mpiga kuume" msomaji atadhani zaburi inaanza. Na "kupiga kiume" kumeshachukuliwa na maana ya ushujaa, jambo ambalo Griffey angekuwa na haki ya kulilalamikia. Kwa Aaron na Mays, basi, sema walipiga kwa kulia, na hiyo *kwa* usiiache: "alipiga kulia" ni mpira, "alipiga kwa kulia" ni mtu. Mara nyingi hutahitaji kusema lolote. Lugha imewapa mashoto jina, wengine wote haikuwapa, maana wengi hawahitaji kutambulishwa.

Nimeahidi kumrudia rafiki yako. "Mzunguko wa Griffey" hapana. Mzunguko unatokana na *zunguka*, kitu kinapozunguka chenyewe: mzunguko wa damu, mzunguko wa dunia. Katika besiboli neno hilo lina kazi yake tayari, na ni kazi tamu: mpigaji wa homurani anapozipitia besi zote nne hadi kurudi bambani, huo ni mzunguko. Ukimsifu Griffey kwa mzunguko wake unamsifu kwa alivyokimbia akirudi, gongo akiwa ameshalitupa. Anachokitamani rafiki yako kilitokea sekunde moja kabla ya hapo. Griffey alizungusha gongo. Lililozunguka ni gongo, aliyelizungusha ni yeye, kwa hiyo jina litoke kwenye *zungusha*: mzungusho. Mzungusho wa Griffey ulikuwa mrefu, mlaini, ukimalizika juu ya bega kana kwamba hakutumia nguvu. Hapo hata mimi niliyeahidi kutoingilia nakubaliana naye.

Msiuchanganye mzungusho na pigo. Pigo hutokea gongo linapokutana na mpira. Mzungusho unaweza kuwa mzuri kupindukia na pigo lisiwepo kabisa, na mrushaji akafurahi. Upigaji ni ustadi wa msimu mzima. Na kama kuna anayesoma tafsiri za mashine akakuta "bembea ya Griffey", amwachie mtoto bembea yake. (Gongo nalo lina maana nyingine ya kwenye chupa, lakini uwanjani hakuna atakayekosea.)

Limebaki kundi moja ambalo hukuliuliza, ila litawafikia tu kwenye ubishi wenu: wanaobadilisha upande kulingana na mrushaji, kama Mickey Mantle mwenye homurani 536, au Pete Rose. Nimesoma mahali wakiitwa "wapigaji wa mikono miwili". Wapigaji wote ni wa mikono miwili! Hao ni wapigaji wa pande mbili. Usemi wa mikono miwili mwekeeni mrushaji, maana ndiye anayeweza kuustahili. Pat Venditte aliustahili: alirusha kwa mkono wowote aliotaka. Mwaka 2008, katika ligi ndogo za Marekani, alikutana na mpigaji wa pande mbili. Mpigaji akahama upande, Venditte akahamisha glavu, mpigaji akarudi, Venditte akarudi, mchezo ukasimama. Baadaye ilibidi iandikwe kanuni kwamba mrushaji wa namna hiyo atangulie kuonyesha mkono atakaotumia. Mtangazaji anayesema "wa kushoto amehamia kulia kumkabili wa kulia aliyehamia kushoto" angekuwa amewapoteza wasikilizaji wote. Anayesema mkono kwa mrushaji na upande kwa mpigaji angeweza hata kuwachekesha.

Sentensi yako, basi, badilisha neno moja: "Ohtani ni mpiga shoto kama Babe Ruth." Mtumie rafiki yako hivyo hivyo, na chini yake umuulize Griffey alizunguka nini.